Kata Moja ya Uji

Jirani yetu alikuwa na mikono mipana ya mtwangaji, lakini uji wake ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea ulezi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, askari wa Wajerumani wamechoma maghala yote ya Songea, na waliojificha porini walirudi mifupa mitupu. Yeye alikuwa amefukia mtungi wa ulezi chini ya jiko. Kila aliyerudi, jirani alimpa kata moja, akamwekea kiganja kifuani, akasubiri jua lisogee ndipo ampe nyingine. Walimwita mchoyo, na wakapona wakimwita hivyo.

Mumewe aliporudi, alimaliza kata yake akanyoosha mkono kwenye chungu. Jirani akakisogeza mbali.

“Mke wangu, hata mimi unaninyima?”

“Sikunyimi, baba. Moyo wako umechoka. Ukishiba leo, moyo huo utasimama.”

Mume akamtukana mpaka sauti ikamkauka. Machozi yalimtiririka jirani, lakini kiganja hakukiondoa kifuani mwa mumewe. Mama yangu alikuwa mlangoni, anatazama. Wiki moja kabla ya hapo kaka yangu alikuwa amerudi kutoka porini, na kwa furaha mama alimsongea ugali wa mbegu zetu zote. Alikula akashiba, na tulimzika kesho yake. Mama akaingia, akapiga magoti, akauliza kwa sauti ndogo, “Unasikiliza nini hapo? Nionyeshe.”