Ng'ombe wa Kawe

Nikinusa supu ya kongoro, ile ya kwato za ng'ombe, roho inaniuma upya. Kawe ilikuwaga na kiwanda cha nyama, kimekufa siku nyingi, na njia ya ng'ombe wake ilikatiza uwanja wa mpira, mbele ya goli. Sie wa Temeke tulihitaji bao moja tu tupande daraja. Kaka yangu akamzunguka kipa, akapiga. Ng'ombe nao ndio wanapita, mpira ukamgonga mmoja ubavuni ukarudi.

“Refa, si bao hilo?” kaka akalalama.

“Braza, ng'ombe ana njia yake hapa. Ungengoja apite.”

Kumbe wenyeji walishasimama, mikono kiunoni, wanangoja. Kaka hakugusa mpira tena.

“Mzee, nikuongezee supu?” ananiuliza muuzaji.

“Ongeza, mwanangu. Yule ng'ombe bado sijammaliza.”