Sare Zimeshashonwa

Mjukuu wangu anacheza mpira wa kikapu chuoni Iringa, na mimi mdomo wangu hauna mlango. Soko zima la hapa Soweto, Mbeya, nimelitangazia kwamba msimu huu kombe ni lao. Wenzangu tunaouza nao viazi tukanunua kitenge cha aina moja, tukashona sare za kwenda kushangilia mechi ya kwanza.

Juzi akanipigia simu. "Bibi, goti limevimba. Daktari kasema nisicheze msimu huu."

Mbele yangu mwenzangu mmoja alikuwa anajaribu gauni lake, anazunguka kama bibi harusi. "Mwambie tunakuja, atatukoma!" akapiga kelele.

Nami nikamwambia mtoto, "Likande kwa maji ya chumvi, mama. Sare zimeshashonwa."

Akasema, "Sawa, bibi."

Tangu hapo goti lile halikunitoka kichwani. Leo asubuhi nimepiga ili nimkataze. Akapokea mwenzake wa bwenini.

"Shikamoo, bibi. Yuko uwanjani, anafanya mazoezi. Katuambia wewe umesema acheze."

Kweli, mimi ndiye niliyesema.