Kiraka cha Haidar

Tangu alfajiri Haidar hakufungua kinywa ila kuitukana kompyuta. Swalha, mkewe, alikaa kitandani akimnyonyesha Nahla, akiutazama mgongo wa mumewe. Chumba chao cha kupanga hapo Shipai, ugenini alikokuja Haidar kusoma, kilikuwa kidogo, mmoja akishusha pumzi mwenziwe anajua.

Saa tisa mchana Mwalimu Liang alitaka kuiona programu ya kuigiza mitandao ikifanya kazi, ile inayojifanya kompyuta mia zinapelekeana habari bila hata waya mmoja. Ikishindwa, mwaka mzima wa masomo umekwenda na maji, na Unguja watarudi mikono mitupu. Programu ilikuwa kwenye sidii aliyopewa na rafikiye Marijani, pamoja na kiraka: faili dogo la kuiongezea njia mpya ya kupitisha habari.

Mara nne amefuta yote, akanakili upya, akatia kiraka, akangoja saa nzima programu ijijenge. Na mwisho wake maneno yaleyale: njia hiyo haijulikani.

"Haijulikani! Nimekutia kwa mkono wangu, shetani we!"

"Taratibu, Baba Nahla, mtoto atashtuka."

"Na ashtuke! Mimi nishashtuka toka jana."

Akaanza ya tano. Swalha aliishia darasa la saba, Kiingereza chake cha kuombea maji tu. Lakini macho anayo. Kila kiraka kilipotiwa, kioo kilisimama kikaandika mstari wenye alama ya kuuliza, na Haidar akabonyeza palepale, kama anayemfukuza nzi.

"Hebu ngoja. Inakuuliza nini hiyo?"

"Upuuzi. Eti kiraka kishatiwa, ikifumue? Naikubalia tu ipite."

"Na kama kishatiwa kweli?"

"Nani akitie? Sidii imetoka mkononi mwa Marijani!"

"Marijani huyuhuyu anayetuletea samaki keshamparua, keshamtia chumvi na ndimu, wala hasemi? Mara ngapi nimetia chumvi juu ya chumvi yake, ukala umenuna?"

Haidar akaugeukia tena mstari ule. Mara nne alikifumua mwenyewe.

Akafuta, akanakili, kiraka hakukigusa. Saa nane programu ikakubali. Hata hakucheka.

"Angesema neno moja tu! Moja!" alifoka, Swalha akiifunga kompyuta kwa kanga nyuma ya baiskeli.

Alirudi saa kumi na moja, uso bado umekunjana.

"Vipi?"

"Kaipitisha. Sasa nakwenda kumgombeza Marijani."

"Kamgombeze," alisema Swalha. "Ila mshukuru kwanza."