Joka la Nesta

Mzee Mbonile wa Igamba alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimwuliza habari za shamba, atakwambia, "Lipo." Ukimwuliza habari za nyumbani, "Wapo." Watu walisema maneno yote ya nyumba ile aliyachukua mkewe, Nesta, akabakiza mawili matatu ya kumpa mumewe asije akaonekana bubu.

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa joka.

Jambo lenyewe lilianzia Mlowo, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kushindana kando ya barabara na mizani zao. Mbonile na Nesta walikuwa wamepeleka kahawa. Wakati wa kurudi mvua ya kwanza ikawakuta njiani, nao wakakimbilia kibanda cha video. Nyuma jenereta inanguruma, ndani vijana wamebanana kwenye mabenchi. Kwenye kioo palikuwa na mwanamume mmoja, nywele hadi mabegani, upanga mrefu kuliko yeye, kifua nje. Anatembea kwenye barafu. Lugha ilikuwa ya wenyewe. Mbonile hakuelewa kitu, akatulia. Nesta naye hakuelewa, lakini yeye kutulia hakuweza.

"Baba Fanuel, huyu kijana hana shati?"

"Hana."

"Na baridi yote hiyo! Kwao hakuna mama?"

Kijana wa benchi la mbele akageuka. "Mama, tulia. Huyo ndiyo stelingi, shujaa mwenyewe."

"Stelingi ndiyo havai?"

"Stelingi hafi, mama."

"Kwa upanga hafi, sawa. Na kichomi je?"

Kibanda kizima kikacheka. Basi Nesta akapata nguvu, akaanza kuwasimulia sinema wasiyoijua maneno yake. Huyu anamdai yule mbuzi. Huyu tangu tuingie hajala, ndiyo maana ana hasira. Mvua ilikatika, na watu hawakutoka.

Mwaka uliofuata, msimu wa kahawa, majirani walikuja kusaidia kuchuma. Jioni wamekaa uani wanasubiri chakula, baridi ya Julai inauma masikio, mara mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Akatoka Nesta. Kichwani sufuria, mkono wa kushoto ungo, wa kulia mchi wa kinu. Kifuani amefunga salfeti, ule mfuko wa mbolea, na juu ya salfeti amechora kwa mkaa misuli mikubwa mikubwa kama mafiga.

"Mimi ndiye Kifua Wazi!" akapaza sauti. "Nimeua majeshi saba, na chai sijanywa! Yuko wapi joka la vichwa kumi?" Halafu akaanza kutetemeka, meno yanagongana. "Na nani ana sweta?"

Watu wakashika mbavu. Lakini joka halikuwepo. Nesta akamwangalia mumewe. Mbonile akatikisa kichwa. Nesta akamsogelea, akasema polepole, "Nitakufunika gunia. Nani atakuona?"

Likaletwa gunia la katani la kahawa. Mbonile akaingia chini yake, akapiga magoti. Giza, harufu ya kahawa kavu. Hakuna jicho linalomtazama. Na humo ndani, bwana, akakuta sauti ambayo hakujua kama anayo. Akanguruma hata mbuzi wakakata kamba. Kifua Wazi akatupa mchi, akajificha nyuma ya ghala, akachungulia. "Joka mwenzangu, tuongee kwanza! Wewe una watoto, mimi nina watoto!"

Mwisho walipigana, na joka likafa. Lilikufa vizuri. Lilirusha miguu, likanyamaza, watoto wakadhani limekwisha, likarusha tena. Kisha Nesta akainama, akaweka mdomo kwenye gunia, akanong'ona. Joka likaondoka, akabaki Mbonile anajipangusa magoti.

Alichonong'ona wengi walitaka kukijua. Alikuwa amemwambia hivi, "Amka, ugali unapoa." Hayo tu. Lakini Mbonile hakumwambia mtu, yakawa yake.

Tangu hapo Kifua Wazi hakuacha kuja. Msimu wa kahawa atakuja, harusini atakuja, hata kwenye ubatizo, wakiisha kula. Miaka ikapita, na yeye akabadilika na dunia. Runinga zilipofika Igamba na watoto wakaanza kusimulia mashujaa wanaoruka angani, Kifua Wazi akajifunga kitenge mgongoni, akaruka kutoka kwenye kigoda, akaanguka, akasema upepo wa leo si mzuri. Simu zilipofika akapanda kwenye benchi na kipande cha sabuni sikioni. "Halo, joka? Uko wapi? Mimi nimepanda mkaratusi natafuta mtandao! Njoo wewe, mimi sina salio!" Na chini ya gunia joka linanguruma, kila mwaka magoti yanauma zaidi, na kila mwaka linafufuliwa kwa maneno yale yale.

Kisha Nesta akaugua. Akapungua, akawa mwepesi kama kikapu. Siku moja Mbonile anamnywesha uji, Nesta akamshika mkono.

"Baba Fanuel. Siku yangu ikifika, joka litoke."

"Msibani?"

"Msibani. Nisizikwe kimya kimya kama mtu asiyejuana na mtu."

"Mbele za watu wa msiba, Mama Fanuel, siwezi."

"Utaweza. Umekufa mbele yangu miaka yote hiyo, hujakosea hata mara moja."

Mbonile akakoroga uji muda mrefu. Akasema, "Haya." Na kwa mtu kama yule, haya ni kiapo.

Nesta akafa asubuhi moja ya Juni, kahawa ndiyo zinaanza kuwa nyekundu.

Fanuel, mtoto wao wa kwanza, akaja kutoka Tunduma, anakofanya kazi ya makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Alimpenda mama yake. Alileta jeneza zuri, turubai, na mpiga video. Akamkuta baba yake amekaa kwenye mkeka, sahani ya chakula iko mbele yake imefunikwa, haijaguswa. Hakuwa amekula tangu mkewe afe.

"Baba," akasema Fanuel, "nina ombi. Watani wasije wakafanya mchezo. Kuna wakubwa wangu wa kazini, na mambo yote yanarekodiwa. Mama alikuwa mtu wa heshima. Sitaki achekwe."

Mbonile alitaka kumwambia habari ya joka. Badala yake akaitazama sahani. Akasema, "Sawa."

Sasa akawa na neno kwa mke na neno kwa mtoto, na yote mawili hayakai chungu kimoja.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi, hadi wa Mlowo. Mchungaji akamaliza sala, vijana wakashika kamba washushe jeneza. Hapo umati ukapasuka katikati, akapita Sekela.

Sekela alikuwa bibi mzima, mtani wa ukoo wa Nesta. Babu zao walitaniana, na wao wakatukanana kwa furaha tangu wasichana. Desturi yenu mnaijua: mtani ndiye anayeruhusiwa kumwigiza marehemu kaburini, na mtani akikataa, maiti haishuki. Alikuwa amevaa sufuria ya Nesta. Ungo wa Nesta mkononi, mchi wa Nesta begani, salfeti kifuani, mkaa umepakwa upya. Akakaa ukingoni mwa kaburi, akaning'iniza miguu.

"Hapa hazikwi mtu."

Kuna mtu alicheka, akajiziba mdomo.

Fanuel akamsogelea, akatoa noti mfukoni. "Shangazi, nakuomba. Pokea, utupishe."

"Rudisha hiyo. Mimi ni mtani, si konda." Sekela akagonga ardhi kwa mchi. "Kifua Wazi amelala kwenye sanduku hili, mimi kaniazima kifua tu. Nataka joka. Liko wapi joka la Nesta?"

Akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa gunia la katani, akalitupa. Likaangukia miguuni kwa Mbonile.

Mzee akaliangalia. Akamwangalia mwanawe. Fanuel alikuwa anatikisa kichwa. "Baba, usifanye. Baba, ulisema sawa."

"Nilisema," akajibu Mbonile. "Lakini mama yako nilimwambia haya."

"Haya ya nini?"

"Aliniomba." Akavua kofia, akampa mwanawe amshikie. Akapiga magoti kwenye udongo uliochimbwa, akajifunika.

Giza. Harufu ya kahawa kavu. Alijaribu kunguruma, ikatoka sauti ndogo kama ya paka. Akajaribu tena. Ndipo ikaja ile sauti, na nyuma yake kikaja kilio ambacho siku zote hizo kilikuwa kimemkalia kifuani. Vikatoka pamoja, hakuna wa kuvitenganisha. Nje watu walisikia joka. Wakacheka kwa nguvu, na kicheko kikageuka, wanawake wakaanza kulia huku bado wanacheka.

"Nimeua majeshi saba, na chai sijanywa!" akaita Sekela, sauti inamkatika. Akampiga kwa mchi polepole. Joka likarusha miguu, likanyamaza, likarusha tena.

"Stelingi hafi!" kijana mmoja akapayuka, kama walivyozoea kumpigia kelele Kifua Wazi. Kisha akaliona jeneza, akainamisha kichwa.

Mbonile amelala chini ya gunia, anasubiri. Alikuwa hajawahi kuinuka mwenyewe. Alisikia Sekela anainama, magoti yake nayo yanalia, mdomo ukakaribia gunia kama ule mdomo mwingine ulivyokuwa ukikaribia.

"Mbonile," akanong'ona Sekela, "mimi sijui alikuwa anakwambiaje."

Joka ambalo halijawahi kusema neno likasema, "Alikuwa ananiambia niamke. Ugali unapoa."

Sekela akamwekea mkono mgongoni, juu ya gunia. "Basi amka, mtani."

Mkono wa kulifunua gunia haukuwa wa Sekela. Alikuwa Fanuel, uso umelowa, kofia ya baba yake ameibana kwapani. Akamwinua mzee, akampangusa udongo magotini, goti moja, na lingine. Hakumlaumu. Sekela akavua sufuria, akasogea pembeni, na Nesta akashushwa.

Baadaye watu walikaa chini ya turubai kula. Mbonile alirudi kwenye mkeka wake na ukimya wake. Fanuel, ambaye pale kaburini alisogea maneno yameshanong'onwa, hakuyasikia, akaja na sahani na jagi la maji. Akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Baba, kula basi. Ugali unapoa."

Mzee akageuka, akamtazama mwanawe.

"Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, baba?"

"Basi," akasema Mbonile. Akanyoosha mikono ili mwanawe amnawishe.