Mkanda wa Biskuti

Mume wangu Mushagalusa alikuwa ananuka lama. Nalisema hivyo hivyo, sina namna ya kulipamba. Lama ni mnyama wa shingo ndefu na manyoya mengi, na akikasirika anakutemea majani aliyokwisha kuyatafuna, mabichi, yenye uvundo. Kila jioni nilimngoja mlangoni hapa Guildford nimeziba pua. "Bafuni kwanza!" Mezani kwangu hakukaa na nguo zile hata siku moja.

Alifanya kazi kwenye hifadhi ya wanyama waliookolewa, mbele ya Rooty Hill. Watu wa mjini huchagua lama wao mtandaoni, wakamfadhili kila mwezi, nao wakatumiwa kadi siku ya kuzaliwa ya mnyama. Kadi! Lakini Mushagalusa alikulia kwenye ng'ombe wa baba yake kule Walungu, na kazi za maghala zilikuwa zimemkausha. Hii ndiyo ya kwanza aliyoipenda hapa Sydney. Lama wote aliwajua kwa sura.

Jumanne moja lama aitwaye Biskuti akafa. Mfadhili wake alikuwa Beryl, bibi mjane wa Granville, aliyekuja kila mwezi kumsugua shingo. Meneja hakumwarifu. Alimpa Mushagalusa mkanda wa shingoni wenye jina la Biskuti, akasema, "Mvalishe yule wa kahawia. Bibi haoni vizuri. No worries, mate."

Ijumaa tukila, akanieleza. "Kwetu, jina ya ngombe yenye ilikufa, baba hakupatia ingine. Na unajua Biskuti iko wapi? Nyuma ya shed, chini ya bâche, ile turubai, siku ya ine. Nzi tupu. Camion ya kubeba taka itakuja kuitupa lundi, Jumatatu."

Nilisukuma sahani. Kisha nikamwita kwa jina la mtoto wetu, "Papa Divine, hiyo job ndiyo inalipa rent. Valisha ile kitu." Ni mimi niliyesema. Hata sasa najichukia.

Kesho yake alimvalisha. Beryl akaja na karoti zake, akamkumbatia yule wa kahawia, akaingiza pua kwenye manyoya. Akakaa hivyo kitambo.

"Mbona leo ananuka tofauti?" aliuliza.

Mushagalusa akaufungua mkanda, akamwekea mkononi. "Huyu si yeye, bibi. Biskuti alikufa Jumanne."

Bibi hakulia. Aliuliza tu amezikwa wapi.

Basi mume wangu akachukua koleo. Alichimba mpaka saa tisa, meneja akimpigia kelele kwamba kazi hana tena, Beryl amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkanda mapajani. Ule mzoga aliuvuta peke yake, ukimchuruzikia kifuani.

Alifika nyumbani na uvundo ambao sijawahi kuunusa maishani. Alisimama nje, hakuthubutu kuingia. "Faida, kazi imekwisha," alisema.

Mkono ulikuwa umeshafika puani. Nikaushusha. Nikamvutia kiti mezani, na nguo zile zile, nikampakulia bugali.