Wagonjwa wa Nyumba za Geti

Mtafiti wa kipindupindu, ambaye wauguzi wa zahanati walimbatiza Bi Takwimu, alikulia sokoni, ambako hesabu safi mno huficha wizi, na kitu kilichonyooka mno kilimtia wasiwasi. Ramani yake ilinyooka mno. Madoa mekundu ya wagonjwa yalijazana kule juu, kwenye nyumba za geti na mabomba; mtaa wa bondeni, unaokunywa maji ya visima vilivyopakana na vyoo, ulikuwa mweupe pe. Kesho asubuhi magari ya chanjo yangefuata ramani hiyo, na saini chini yake ilikuwa yake.

Akateremka bondeni mchana huohuo.

"Kwani huku hamuugui?" alimuuliza muuza maji, mwanamke aliyeketi juu ya ndoo akijipepea kwa mfuniko.

Mwanamke akaangua kicheko. "Dada yangu, na elimu yote hiyo! Zahanati ukisema unatoka huku, unawekwa nje mpaka jua likuchoke. Basi tunaandikisha nyumba za mabosi zetu kule juu, tunakofua asubuhi. Mimi kwenye daftari naishi ghorofani. Huoni nilivyonawiri?"

Bi Takwimu hakucheka. Akampigia simu mkuu wake papo hapo, akamwomba magari yaletwe bondeni.

"Ramani ni yako, mama," mkuu alisema. "Nitajie nyumba kumi zenye wagonjwa kabla ya saa kumi. Zikipungua, magari yanapanda juu."

Saa nane ilishapita. Muuza maji, aliyesikia kila neno, alikunja uso. "Mkishajua milango yetu mtatuzungushia kamba tusitoke. Kazini nani ataniendea?"

"Kamba siwezi kukuahidi haitakuja. Chanjo nitaipigania. Lakini bila milango sina cha kupigania."

Mwanamke alimpima kwa macho, kisha akafunua pazia la mlango wake. Ndani, mama yake alijikunja mkekani, macho yamedidimia, ndoo ubavuni.

"Haya, andika. Moja."

Bi Takwimu aliandika, akamwachia pakiti za chumvi za kuchanganya na maji yaliyochemshwa. Wakazunguka, muuza maji akitangulia kubembeleza. Ya tisa waliipata saa tisa na nusu.

Kwenye mlango uliofuata, jozi nne za viatu zilipangwa kizingitini, mbili za watoto.

"Jirani! Fungua, shoga, ni mimi!"

Nzi waliingia na kutoka chini ya mlango. Ndani hakuna aliyekohoa.

"Kumi," Bi Takwimu alisema kwenye simu. "Geuza magari." Bega lake lilikuwa tayari linausukuma mlango.