Mguu wa Diwani

Mama diwani wetu hukaa chini mguu wa kulia umenyooka, maana goti lake lina chuma tangu vita vya ukombozi. Kwa mguu huohuo alimbeba majeruhi hadi Msumbiji. Siku hiyo mimi, dume la kijiji, nilikuwa nimejificha ghalani. Sauti yake ni ya chini, na makofi yake ya salamu hulia kama njiwa anayeruka. Majuzi alikwenda na wanawake arobaini, nami nikiwafuata, kwa Chifu Nyamukapa kuomba kiwanja cha wodi ya wazazi, maana wake zetu wanajifungulia njiani.

"Mwanamke gani huyu ananielekezea unyayo?" chifu akafoka. "Kunja mguu, ndipo tuongee!"

"Haukunjiki, Baba."

Nikajua kiwanja kimekwenda. Mara mke wangu, aliyepiga magoti nyuma ya Diwani, akanyoosha mguu wake. Jirani naye akanyoosha. Mwisho wanawake wote arobaini, nyayo zikimkodolea chifu. Mzee akazitazama, akashika mbavu kwa kicheko.

"Hata Rhodesia haikunielekezea mizinga mingi hivi! Haya, mama zangu, chukueni ekari moja."

Diwani akapiga makofi yake taratibu, mguu haujasogea.

"Mbili, Baba."